Sakafu ya Gari na Chumba cha Mtoto

Asubuhi moja ya masika mume wangu aliniita kutoka barazani kwa sauti ya mtu aliyeuona mwezi wa Idi kabla ya wenziwe.

"Njoo! Njoo uone inavyong'ara!"

Sikuweza kwenda kuona inavyong'ara, kwa sababu nilikuwa chumbani nimesimama ndani ya maji. Mwanangu nilikuwa nimembeba begani, kifua chake kikitoa ule mlio ambao mimi nauogopa kuliko radi. Mkeka ulikuwa umeinuka, unaelea. Viatu vyake vidogo vilikwisha safiri mpaka uvunguni. Godoro la pamba, nililokuwa nikilianika kila jua lilipochomoza, lilikuwa linakunywa maji kwa pembe moja, polepole, kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka.

"Wasikia? Njoo uone! Kama kioo!"

Nikatoka. Mtoto nilimkabidhi mavyaa, yaani mama wa mume wangu, aliyekuwa amekaa juu ya kitanda chake amekunja miguu, ingawa maji hayajamfikia. Nikapita ukumbini, nikachukua mchi wa kinu nyuma ya mlango, nikampita mume wangu na mwavuli wake, nikashuka kwenye mvua bila buibui wala mtandio. Aliyetaka kutazama atazame. Nikaanza kuipiga ile sakafu aliyoijenga kwa ajili ya gari lake.

Niliipiga kwa nguvu zangu zote na za mama yangu. Lakini nitasema kweli, maana sitaki kudhulumu hata sakafu: haikuvunjika. Haikufanya hata ufa. Kilichopasuka ni mchi, mchi mzito wa mti mgumu niliopewa siku ya harusi yangu, ukapasuka kwa urefu kama muwa, nikabaki na kipande mkononi na maji yananitiririka puani.

Mume wangu akainama chini ya mwavuli wake, akaigusa kwa kidole pale nilipopiga. Akasema kwa furaha ya kweli kabisa, "Waona sasa ilivyo imara?"

Hapo ndipo subira yangu ilipokwisha. Watu wa mtaa husema ilikwisha kwa sababu ya maji. Haikuwa maji. Ilikuwa hicho kidole.

Sasa nieleze nilivyofika hapo, maana mtu akiniona mimi na kipande cha mchi mvuani anaweza kudhani nimepandwa na pepo.

Nyumba yetu iko Kisauni, upande wa kuelekea Magogoni, na iko chini ya barabara. Barabara imepita juu, kiwanja chateremka, na nyumba imekaa mwisho wa mteremko. Hilo halikuwa neno. Kiwanja chote kilikuwa mchanga, na mchanga wa kwetu hunywa mvua hata usijue imekwenda wapi. Masika yanyeshe yatakavyo, ukitoka asubuhi waona alama za matone tu, na kuku wanapekua.

Chumba cha mbele nilikichagua mimi kuwa cha mtoto. Mwanangu alizaliwa na kifua kibovu. Daktari wa zahanati aliniambia mambo mawili tu, nami nikayashika kama Alhamdu: asilale penye unyevu, na asilale penye moshi. Vyumba vya nyuma vyote viwili, changu na cha mavyaa, vimepakana na jiko la uani, na moshi wa kuni hauna adabu ya kubisha hodi. Chumba cha mbele kilikuwa kikavu, kina dirisha la upepo, na tangu alale humo alikuwa halii kifua ila mara chache. Nilikuwa nimeanza kulala usingizi kama watu wengine. Nataka hilo likumbukwe. Nilikuwa na kitu kimoja nilichokitaka duniani, nami nilikuwa nacho, na kilikuwa chumba kikavu.

Kisha mume wangu akanunua gari.

Yeye ni karani bandarini, na zile zilikuwa nyakati ambazo Wazungu wengi walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao, wakiuza kila kitu mpaka vizimba vya kuku. Mmoja alimwuzia gari la rangi ya maziwa, kuukuu lakini limesuguliwa. Lilifika kwetu likishuka kutoka barabarani kwa madaha, likafika katikati ya kiwanja, likazama. Mchanga ulelule unaokunywa mvua ukayanywa na magurudumu.

Tuliizoea adha hiyo mpaka siku ya Idi. Mavyaa alikuwa amevaa leso mpya, amejitia udi, amekaa kiti cha mbele kama bi harusi, twende kuwaamkia jamaa ng'ambo ya daraja. Gari likavuma, likarusha mchanga, likakaa kitako. Vijana wa mtaa walikuja kulisukuma na kanzu zao mpya, na mmoja, Mungu ampe maisha marefu, akasema, "Bwana karani, wenzio hununua gari likawabeba. Lako wewe lataka tulibebe sisi?" Watu wakacheka mpaka barabarani. Mavyaa hakucheka. Aliteremka, akakung'uta leso yake, akasema, "Mwanangu, hapa patengenezwe njia."

Nilisema siku hiyohiyo, "Gari lilale juu, kando ya barabara. Sisi tuna miguu."

"Lilale njiani kama punda?" mume wangu akajibu.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua. Sijui kwa nini naiita kazi. Ilikuwa maongezi. Kila jioni, baina ya magharibi na isha, wanaume walikaa barazani kwetu na kahawa, niliyoipika mimi, wakijadili njia ya gari itandikwe nini. Ilikuwa ni wakati ule mambo ya Mwambao yamechemka, kila mtu akiuliza ukanda wetu wa pwani utakwenda na nani, na Sultani au na Nairobi. Nami nyuma ya pazia nikisikia maneno yamechanganyika: bendera, saruji, mkataba, kokoto. Wakijua ukanda wote wa pwani uende wapi. Maji ya kiwanja kimoja yaende wapi, hakuna aliyeuliza ila mimi.

Msemaji mkuu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule kisiwani, ng'ambo ya daraja. Huyu hasemi mpaka akohoe kwanza. Akikohoa, mdogo wake hunyamaza, hata kama alikuwa amefika nusu ya neno.

Mimi rai yangu nilimwambia mume wangu tukiwa peke yetu, kama ipasavyo. "Tandika kokoto. Gari halizami, na maji hupita katikati yake yakaingia mchangani kama zamani."

"Kokoto ni za stesheni ya reli," akasema. "Watu watauliza treni yaja saa ngapi."

"Basi fanya mikanda miwili ya saruji, mmoja wa gurudumu hili na mmoja wa lile, katikati uache mchanga. Niliwahi kuona picha kitabuni skuli."

Akaenda nayo barazani, na nilimsikia akiisema kama yake. Shemeji akakohoa. "Mikanda miwili? Nusu njia hiyo. Mtu atasema saruji ilikwishia mkononi." Wakacheka wote, na mume wangu akacheka nao, akiicheka rai ambayo dakika moja kabla ilikuwa yake.

Wakajaribu lami. Shemeji alikuwa na rafiki kwenye kazi za barabara, naye akaleta pipa lililobaki, wakamwaga kipande karibu na mlango tuone sura yake. Asubuhi ilikuwa nyeusi tii, inapendeza, siwezi kukataa. Saa sita mchana ilikuwa uji. Akaja mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee wa watu, kumsomea mtoto dua ya kifua, kiatu chake kikanasa. Akavuta, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Nikasikia sauti ya upole mlangoni, "Hodi, wenyewe. Nimekuja na kiatu kimoja." Upindo wa kanzu yake nilihangaika nao kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole vyangu ikaambuka. Lami ile ilikwanguliwa kwa jembe.

Wakaleta mawe ya matumbawe yaliyochongwa bapa, meupe, mazuri kweli. Jua la mchana lilipoyapiga hatukuweza kufungua macho mbele ya nyumba yetu wenyewe. Gari lilipita juu yake mara moja, yakakatika kama biskuti.

Kila walipoleta kitu kipya mimi nilikuwa na swali moja. Nilimwuliza mume wangu chakulani, nikamwuliza akivaa, nikamwuliza akinawa. "Na maji je? Ukifunika mchanga, mvua ikinyesha maji yatakwenda wapi?"

"Maji ni ya Mungu," akasema.

"Mungu ameyatengenezea mchanga. Wewe wataka kuufunika."

"Wewe mwanamke, hujasikia hata tumechagua nini."

Ndipo mavyaa alipotoa neno lake. Mavyaa ni mtoto wa nyumba ya mawe, ya ghorofa, ya Mji wa Kale, na nyumba hiyo ina paa la sakafu: chokaa na udongo mwekundu na vijiwe, vikapigwa kwa vipande vya mti na watu waliopangwa safu, kwa nyimbo, siku hata siku, mpaka likawa jiwe moja. "Sakafu ya babangu," alisema, "ilipigwa kabla miye sijazaliwa. Haijavuja mpaka leo. Nyinyi mwahangaika na mapipa ya Wazungu, na kitu chenu wenyewe mwakijua! Pigeni sakafu."

Barazani shemeji akakohoa, na safari hii akakubali, maana ni mama yake. Mume wangu alifurahi mpaka akaniletea halua. Hakuna mtu Kisauni nzima aliyekuwa na njia ya gari ya sakafu. Ingekuwa imara kama mawe na nyororo kama yai, na juu ya hayo, ingekuwa yetu.

Nilikula halua. Kisha nikamwambia, mama yake akisikia, "Paa huwekwa juu lipate kuyafukuza maji. Huko kwa kina mama yako kuna makopo ya mfereji ya kuyatoa ukutani, yakaanguka njiani kichwani mwa watu. Hapa yatakwenda wapi? Mwalichukua paa mwaliweka chini, na chini kwetu kwateremkia mlangoni."

"Weye hayo ya skuli yamekuingia sana," mavyaa alisema, bila ubaya. "Sakafu haivuji, mwanangu."

"Sisemi itavuja, mama. Nataka ivuje!"

Wakanitazama wote wawili kwa huruma.

Siku za kupiga sakafu zilikuwa kama harusi. Jamaa walitoka kisiwani, wakatoka Likoni, wengine hata sikuwajua ni jamaa wa nani. Kulikuwa na zumari na ngoma ndogo, na watu wamechutama safu mbili na vipande mikononi, wakipiga kwa pamoja, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, fundi mbele yao akinyunyiza maji na chokaa. Mwimbishaji akiimba, nao wakipokea na kupiga. Ulikuwa uzuri wa kutia machozi, nami machozi nilikuwa nayo, ila ni ya vitunguu, kwa sababu watu wote hao walikuwa wanakula, na mpishi ni mimi na dada za mavyaa.

Walianzia juu barabarani, wakarudi nyuma kuja chini, mpaka kizingitini. Ilipokuwa kazi yakaribia kwisha, nilitoka jikoni na birika kubwa la chai, limejaa maji matupu. Nikapanda mpaka juu, kwenye sakafu iliyokwisha kukauka, nikamimina.

Maji yalikusanyika, yakawa kama kamba ya fedha, yakateremka moja kwa moja bila kupinda kulia wala kushoto, yakapita kati ya safu mbili za watu, yakafika kizingitini kwangu, yakaingia ndani.

Ngoma ilinyamaza. Nikasema, "Haya! Mmeona?"

"Tumeona!" mume wangu akasema, na uso wake uling'aa. "Hayakupinda hata kidogo! Fundi, mkono wako una baraka!"

Watu wakapiga vigelegele. Wallahi, wakapiga vigelegele.

Nikamwendea fundi, mtu mzima, ndevu zimejaa chokaa. "Bwana fundi, sabalkheri. Wewe umeyaona maji yalivyokwenda?"

"Nimeyaona, bibi."

"Yameingia chumbani kwa mwanangu."

Akafikiri. "Mimi nimeitiwa sakafu, bibi," alisema kwa heshima zote. "Sikuitiwa maji."

Basi gari likapata njia. Likawa linashuka kutoka barabarani kimya kama paka, linasimama mbele ya baraza, linasuguliwa. Watu walikuja kuitazama sakafu kutoka Magogoni. Mume wangu akawa anavua viatu kuikanyaga. Na mimi nikawa natazama mbingu kama mkulima, ila mkulima huomba mvua.

Ikaja mvua, na mchi ukapasuka, kama nilivyosema.

Siku hiyo mtoto alilia kifua mchana kutwa. Nilimhamishia chumba cha nyuma, moshi ukamkuta huko. Nikazima jiko, tukala mkate mkavu. Nilimwambia mume wangu, "Huoni? Huko maji, huku moshi. Nimweke wapi?"

Nataka kumtendea haki. Alimshika mtoto, akamsikiliza kifua, na uso ukamwanguka. Anampenda, hilo halina shaka. "Nitalishughulikia leo hii," akasema.

Jioni nikasikia kikohozi cha shemeji barazani. Nikashusha pumzi. Nikabandika kahawa kwa moyo safi. Nikakaa nyuma ya pazia, mtoto mapajani, kusikia mfereji utachimbwa wapi.

"Dawa yake ni kizingiti," shemeji alisema. "Kizingiti kirefu, maji yasivuke."

"Kizingiti cha nini?" mume wangu akauliza.

"Kuna cha saruji. Kuna cha mbao za mvule. Lakini kwa sakafu nzuri kama hii, mimi naona jiwe la kuchonga lenye nakshi kidogo."

"Jiwe hukatika."

"Si jiwe lile. Kuna jiwe jingine."

"Au vigae," sauti ya tatu ikasema. "Vigae vya rangi."

Wakaanza upya. Nawaapia wasomaji, wakaanza upya! Na maji yanayozuiwa na kizingiti yatakwenda wapi, yatasimama mlangoni yawe ziwa au yazunguke yaingie dirishani, hilo lilikuwa tena kazi ya Mungu. Kahawa sikuipeleka. Nikaimwaga uani, mchangani, ikapotea papo hapo.

Mwanamke wa kwetu akikasirika hususa, akafunga nguo zake akaenda kwao. Nililifikiria hilo. Nikaona litakavyokuwa: nitakaa kwa mama, wazee watakuja na maneno matamu, nitaombwa radhi, nitarudishwa kwa shangwe, tutashuka na gari juu ya sakafu, na ikinyesha, maji yataingia. Kususa kungemaliza hasira, na mimi shida yangu haikuwa hasira. Shida yangu ilikuwa maji.

Kesho yake mvua ilikatika. Nikavaa buibui. Mavyaa akaniuliza, "Wendapi na mtoto?"

"Kwa kadhi, mama."

Akashika kifua. "Kwa kadhi! Mwanangu amekufanya nini? Usitutie aibu. Watu watasemaje?"

"Watasema maji yameingia, mama. Ndiyo kweli."

Nilidhani atanizuia. Alimtazama mtoto aliyekuwa ameegemea shingo yangu, midomo wazi, anavuta pumzi kama anavuta kamba. Akaenda chumbani akarudi na shali yake ya sufu, akamfunika mgongo. "Kule barazani kwa kadhi kuna upepo," akasema.

Nikatoka. Gari lilikuwa pale mbele, limesimama juu ya magurudumu yake, vioo vimefungwa, limesafishwa na mvua, halina habari.

Ofisini kwa kadhi karani alikuwa kijana mwenye kalamu nzuri. Akaniuliza yale waulizwayo wanawake wote.

"Mume hakupi chakula?"

"Anipa."

"Nguo?"

"Anipa."

"Amekupiga?"

"Amepiga sakafu."

Akainua kichwa, akaenda kumwita kadhi mwenyewe. Kadhi alikuwa mtu wa makamo, sauti ya chini, mwenye kusikiliza. "Sema, mwanangu, taratibu, karani apate kuandika." Nikamweleza yote: mteremko, mchanga, kifua, moshi, lami, sakafu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, nami moyo ukaanza kutulia. Nilipomaliza akaegemea mbele.

"Hiyo chokaa," akasema, "ilichomwa wapi? Maana nami nina baraza yangu nyumbani..."

"Bwana kadhi! Hata wewe?"

Karani akaficha uso nyuma ya daftari. Kadhi akajirudi, akajifuta mdomo kwa leso, na nadhani chini ya leso alikuwa anacheka. "Una haki, mwanangu. Wataka talaka?"

Njiani nilikuja na maneno mengi. Nilikuja na talaka, na gari liuzwe, na shemeji apigwe marufuku kukohoa barazani kwangu. Lakini nilipoulizwa hivyo, nikaona sitaki hayo. Mume wangu nilimtaka. Nilimtaka mkavu tu. Mtoto akavuta pumzi ndefu usingizini, nikamwambia karani aandike, na nikamtamkia neno kwa neno, nikamfanya afute mahali pawili alipoandika kwa upole kuliko nilivyosema. Niliyoyawasilisha siku hiyo, nikayatia sahihi kwa mkono wangu na si kwa dole gumba, ni haya:

"Mimi, mke wa nyumba iliyoko Kisauni, nimefika mbele ya kadhi kwa hiari na akili timamu, namshtaki mume wangu kwamba ameninyima makao. Hakunifukuza, wala hakuninyima chakula wala nguo. Ila ameyaelekeza maji ya mvua kwenye chumba anacholala mtoto wetu mgonjwa wa kifua, kwa kujenga njia ya gari inayoteremkia mlangoni, naye aliambiwa kabla ya kujenga, na wakati wa kujenga, na alipokwisha kujenga. Njia hiyo ni imara na ni nzuri, silikatai hilo. Sidai talaka. Nadai chumba kikavu. Naomba mume wangu aamriwe kuikata sakafu hiyo mbele ya mlango, na kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji mchangani, kabla ya mvua nyingine, pasipo kushauriana na mtu kuhusu mfereji huo utandikwe nini. Na mpaka hapo utakapochimbwa, mimi na mtoto tutalala ndani ya gari, kwa kuwa ndilo mahali pekee pa nyumba yetu pasipoingia maji wala moshi. Ufunguo wake ninao."